Nyumba ya Babu Bila Musumari Hata Moja

Bunia, siku ya Mungu, kisha misa ya pili.

Jua inapiga. Tope ya juzi imeshageuka vumbi, na siye wa avenue yetu tumefunga milango tena. Mikono yangu iko na malengelenge saba. Kidole gumba ya kushoto imevimba, kwa hiyo naandika na mukono moja ku telefone, na mukiona makosa munyamaze tu.

Niko na furaha mubaya. Nilitaka kusema ile mbele ya yote.

Jana, siku ya posho, tulitosha matanga ya Babu, ni kusema tulimaliza kilio yake. Tuliomba, tulikula, na Koko, bibi yake, alivua nguo nyeusi aliyovaa tangu siku tulimuzika bwana yake. Mu familia zingine ile ni kazi ya asubui moja. Kwetu haikuwa vile, juu Koko alikuwa amekataa kuivua.

"Sitavua nguo ya bwana yangu mu nyumba ya kuazima," alituambia mwezi uliopita, mbele ya familia yote. "Aliniachia nyumba. Iko pale. Muisimamishe, nitaingia na nyeusi, nitatoka bila nyeusi."

Na "pale" alionyesha na kidevu lundo ya mbao chini ya bashe, turubai ya bluu, mu kona ya parseli, kiwanja ya Baba Mudogo.

Babu yangu alikuwa sharpantie, fundi wa mifupa ya nyumba: ile mbao inakaa juu ya ukuta na kubeba manjanja, mabati ya paa. Kwetu, mu Djugu, alisimamisha paa ya kanisa, paa ya shule, na ya watu wengi sana. Hakutumia misumari. Ku mwisho ya mbao moja alichonga ulimi, mu mbao ya pili alitoboa kinywa, ulimi inaingia mu kinywa, kisha anapitisha kijiti ya muti mugumu pale katikati. Basi. Upepo ingekuja na ndugu zake wote, nyumba ingebaki.

Watu walizania ni umasikini. Haikuwa umasikini, ilikuwa akili na kichwa ngumu pamoja. Wakati alikuwa kijana alikimbia vita mara ya kwanza, na alipotaka kungoa mbao ya nyumba yake aende nayo, misumari ilipasua yote mbele ya macho yake. Tangu pale alikuwa anasema: "Musumari ni ya mutu mwenye anajua atabaki. Siye hatujui." Alisema ile bila huzuni, sawa mutu anakuambia mvua itanyesha.

Mara ya pili kukimbia, mimi nilikuwa naye. Nilikuwa na miaka kumi na ine. Asubui habari ilikuja kwamba kijiji ya ngambo ya muto imeshatoka yote. Kila mutu akakamata godoro, sufuria, mbuzi. Babu akakamata nyundo yake ya mbao na akapanda juu ya nyumba.

Koko alipiga kelele mpaka sauti ikaisha. "Muzee, shuka! Unataka tufe juu ya miti?" Yeye, tok, tok, tok, anatosha vijiti moja moja na kuitia mu mufuko ya suruali. Manjanja aliiacha kwa wezi. Mbao aliipakiza mu kamio, lori ya makala, na dereva hakuweza kukataa, juu mwenyewe alikuwa analala miaka mingi chini ya paa ya Babu. Tuliingia Bunia tukikalia nyumba yetu. Mu muji walicheka sana: wengine wanakimbia na vyombo, muzee huyu anakimbia na kuni! Jina ilimubakia, Muzee Kuni. Mimi nilipigana ku masomo mara mbili juu ya jina ile, na mara moja nilishinda.

Kisha pale mbao ilikaa mu parseli ya Baba Mudogo, mutoto wa mwisho wa Babu, juu ya mawe, miaka na miaka. Kila mvua ikiisha Babu alifunua bashe, aligeuza mbao moja moja, aliipaka mafuta chafu ya mashini ili muchwa isikule. Hakukubali tuisimamishe hapa. Alisema nyumba ikisimama Bunia, miguu itakuwa nzito siku ya kurudi. Alikufa akingoja ile siku.

Baba Mudogo si mutu mubaya, niandike ile wazi. Lakini iko na watoto saba mu vyumba mbili, anataka kuchoma matofali ajenge ingine, na muti kavu namna ile inamuita kila asubui. Siku Koko alisema neno yake, yeye pia alisema yake: "Sawa, mama. Siku ya matanga, kama nyumba imesimama, ibaki. Kama haikusimama, utavua nguo mu nyumba yangu, na kesho yake mbao inaingia mu tanuru." Wazee walikubali kwa kichwa.

Mimi nikafungua mudomo. Mimi niko na mudomo, avenue muzima inajua.

"Nitaisimamisha mimi," nilisema. "Alama yenye Babu alichonga ku mbao naisoma sawa Injili."

Uongo mutupu.

Hakuna mutu nimeshaambia, naambia hapa kwanza. Kazi ya mbao Babu alinifundisha kweli: nafanya mabenchi ya shule, milango, madirisha, na benchi yangu haichezi hata ikaliwe na wamama watatu wa kwaya. Alinifundisha kunoa patasi, kushika kamba, kugonga mbao na kusikia kama iko kavu ndani. Lakini juu ya nyumba hakunipandisha hata siku moja. "Paa si yako, mama," alisema. Nilinuna wiki mbili, sikumupa hata yambo. Na alipokufa, mu kilio yangu kisirani ile ilikuwa ingali ndani. Nililia na kumukasirikia pamoja. Alama yake nilikuwa nimeiona mara mia wakati ya kupaka mafuta, lakini namna ya kuifuata siku ya kazi, hakuna mutu alinionyesha.

Alama yenyewe haiko nguvu kuisoma. Mifupa ya nyumba ni fermu ine, na kila fermu ni pembe tatu: boriti moja imelala juu ya ukuta, miguu mbili inapanda na kukutana juu. Ku kila mbao Babu alichonga mikato, moja mpaka ine, kusema ni fermu ya ngapi. Kando ya mikato, ku muguu ao mwisho ya boriti ya kuume alipiga musitari, ku ya kushoto alizungusha kiduara. Rahisi, sindiyo?

Nilienda kutafuta Papa Lonu ku kambi ya waliokimbia, kule mwisho ya muji. Alitumika na Babu miaka kumi na tano, sasa goti moja haikunji tena. Alikuja na fimbo na kofia, akagusa mbao, akafuta machozi na kofia ile ile. "Mimi na muzee? Mimi nilikuwa namupatia mbao yote, moja moja, na mikono hii! Lala usingizi, binti yangu." Nikalala usingizi. Watu wa kanisa walisimamisha kuta ya matofali ya udongo mu parseli ile ile, tulipima na kamba ya Babu yenye mafundo, na siku mbili mbele ya matanga kuta ilikuwa tayari. Paroisi ilitupa manjanja ya zamani, yenye matundu kidogo. Ilibaki mifupa tu.

Asubui ile nilivaa suruali chini ya kikwembe. Baba Mudogo akaniona.

"Weye unaenda wapi?"

"Juu."

"Hapana. Mwanamuke hapandi juu ya nyumba ya mukubwa wake. Ni kukanyaga kichwa yake, na muzee hatujamutosha matanga bado."

Kwetu ile haiko neno ya muchezo. Wamama waligeuza uso, Koko aliangalia chini. Na mimi, na mudomo yangu yote, nikasema sawa. Nilikubali juu nilikuwa na woga, si juu ya heshima. Ukibaki chini na kazi ikiharibika, utasema ni wale wa juu. Mimi nilifikiri vile, na haya imenishika hata sasa nikiandika.

Vijana wawili wa kwaya wakapanda. Mimi na Papa Lonu tukasimama mu kiwanja, mbele ya mulango, uso kwa nyumba, tunasoma alama na kupandisha. "Fermu ya kwanza, boriti, musitari kuume!" Boriti ikalala vizuri, watu wakapiga makofi. "Muguu ya kuume!" Ikaingia nusu na ikakataa. "Muguu ya kushoto!" Hiyo haikuingia hata kidogo, ulimi ilikuwa nene kuliko kinywa. Tukajaribu fermu ya pili. Vile vile. Ya tatu. Vile vile.

"Mbao imevimba," Papa Lonu akasema. "Miaka mingi chini ya bashe."

"Pigeni nguvu," nikasema mimi, fundi mukubwa.

Wakapiga. Kra! Ulimi ya muguu moja ikapasuka na kuanguka mbele ya miguu ya Koko.

Koko aliinama, akaokota kile kipande ya mbao, akakipanguza na nguo yake nyeusi. Baba Mudogo akaingia mu nyumba yake na akatoka na pakiti ya misumari. Hakuwa na kisirani, alikuwa na huruma, na ile iliniuma zaidi. "Tupige tu, mama," akamuambia Koko. "Isimame siku ya matanga, watu waone. Kisha tutajua." Kila mutu alielewa kisha ni nini. Mbao ya misumari haifunguki tena bila kupasuka, na mbao ya kupasuka ni ya tanuru.

Mimi sikumbuki kufikiri. Nilitupa kikwembe na nikakamata ngazi.

"Asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu!" Baba Mudogo akapiga kelele nyuma yangu.

Na pale Koko, mwenye hakusema kitu tangu asubui, akasema: "Mumuache. Kichwa ya bwana yangu ilikuwa ngumu, itamubeba."

Watu wakacheka, hata wale wamama wenye kugeuza uso. Nikapanda mpaka juu, nikakalia boriti ya kwanza, miguu inaning'inia ku kila upande. Nikaangalia alama mbele yangu. Ilikuwa kichwa chini. Nikaangalia ku mwisho ingine ya boriti: kichwa chini. Chini, mu kiwanja, tulikuwa tumeisoma vizuri. Juu, mahali Babu alikaa maisha yake yote, haikusomeka. Nikajiuliza: muzee mwenye kupima kila kitu mara tatu, atajiandikia alama ya kusoma akipinda shingo?

Nikaangalia Papa Lonu. Alikuwa ananinyooshea mbao na mukono yake ya kuume, na ilikuja upande yangu ya kushoto.

"Papa Lonu," nikaita, "wakati ulikuwa unapatia Babu mbao, alikuwa anakuangalia ao alikupa mugongo?"

"Ananiangalia! Angeikamata namna gani na mugongo?"

"Na uliwahi kusoma alama?"

"Nisome nini? Yeye ananionyesha na kidole, lete ile, lete ile, mimi napandisha."

Kumbe! Miaka kumi na tano uso kwa uso, na kuume ya moja ni kushoto ya mwingine. Babu aliandika kuume yake mwenyewe, kuume ya mutu mwenye amekaa juu na anaangalia kiwanja. Siye tulisimama mu kiwanja na kuisoma sawa yetu. Boriti tuliilaza kwa kuume yetu, vijana juu wakatia miguu kwa kuume yao: nyumba yote tulikuwa tunaijenga kinyume. Nilicheka mpaka karibu nianguke, na Papa Lonu alivua kofia na kujipiga nayo ku kichwa.

"Geuza yote!" nikasema. "Mushushe, mugeuze!"

Tukageuza boriti ya kwanza. Alama ikakaa wima mbele yangu. "Muguu ya kuume, musitari!" Ikapanda, nikaielekeza na magoti, nikasukuma na kiganja tu. Ikaingia. Haikuitaji nyundo. Nilisikia ile sauti ndogo ya mbao ikifika mahali yake, na nilitoa kelele yenye sikujua niko nayo. Muguu ya kushoto: ikaingia. Tok, kijiti. Fermu moja imesimama. Mu kiwanja vigelegele ilipanda, wamama wa avenue wakaacha mihogo yao ku jua na kuja kuona, na wale wenye kuita Babu Muzee Kuni, mimi niliwaona pia, walikuwa wamesimama ku uzio ya lupango na mikono ku kiuno. Niliwapungia mukono. Mungu anisamehe, ilikuwa utamu.

Fermu ya pili, ya ine, zote jioni ile. Ya tatu ilingoja, sababu ya ulimi iliyopasuka. Asubui yake nilikata mwisho ya ule muguu, nilipandikiza kipande ya muti mugumu, nilichonga ulimi mupya na patasi ya Babu. Nilipima mara tatu, sawa yeye. Niliogopa kazi yangu ndani ya kazi yake, ya kwamba itaonekana muchanga. Ikaingia. Ulimi yangu, kinywa yake. Nilikaa juu kule na kulia kidogo, na safari hii haikuwa na kisirani ndani.

Alinikataza kupanda, nafikiri, juu aliogopa nianguke. Ao aliogopa watu. Ao hakuwa na akili yote, hata fundi mukubwa anakosa mahali moja. Nimemusamehe, na nimejisamehe wiki mbili za kununa.

Siku ile ile, manjanja ikiwa imefika nusu, mvua ya nguvu ikatoka upande ya ziwa na upepo yake. Bashe ya jirani iliruka mpaka barabara. Siye tulisimama ndani, watu kumi na zaidi, maji inatupiga kutoka upande yenye haijafunikwa, na hakuna mutu alitaka kukimbia. Tuliangalia juu. Mifupa ya Babu haikulia hata kidogo. Baba Mudogo alienda ku boriti, akaisukuma na bega mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha akaniangalia na kukubali kwa kichwa. Ile pakiti ya misumari aliirudisha mwenyewe kwa duka.

Jana basi. Sombe, samaki ya Tchomia, bugali ya kutosha avenue mbili. Katekista aliomba murefu kidogo, tulimuvumilia. Koko aliingia peke yake mu nyumba yake na nguo nyeusi. Tulingoja. Alikawia, na nilianza kuogopa. Halafu mulango ikafunguka na Koko akatoka na kikwembe ya manjano, kitambaa ya manjano ku kichwa, na akaanza kucheza mbele ya kwaya kuanza. Baba Mudogo ndiye wa kwanza kumufuata, na alilia sawa mutoto bila kujificha. Tulicheza mpaka jasho ikanyesha kama mvua ya juzi. Watu watatu waliniuliza kama nafanya paa. Niliwajibu ndiyo, na safari hii haikuwa uongo.

Nilifikiri imeisha pale. Leo kisha misa, Koko akaniita mu nyumba yake.

Alikuwa amekaa ku kiti, na juu ya magoti iko na kile kipande ya ulimi iliyopasuka. Akaniuliza kama nyumba inaweza kufunguliwa tena. Nikasema ndiyo, siku moja na nusu, vijiti inatoka, mbao inashuka, kamio moja inatosha. Akauliza ni nani anajua kuisoma. Nikasema mimi. Na Papa Lonu sasa, kidogo.

"Watu wawili ni kidogo sana," akasema. "Babu yako alikuwa moja, na alikufa, na karibu tupike chai na nyumba yake. Nifundishe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Koko ameshapita miaka makumi saba, macho moja inaona vizuri, ya pili inaona jua tu. Nikamuambia, Koko, utapanda ngazi namna gani? Akanijibu kwamba kupanda ni kazi ya watu wenye magoti, yeye anataka kujua, ili siku njia ya kwetu itafunguka asikae tena chini kupiga kelele wakati wengine wanafungua nyumba yake. Alisema "siku itafunguka". Hakusema "kama".

Nikasema sawa, neno moja tu. Mimi, na mudomo yangu!

Tumepatana kesho asubui saa kumi na mbili, mbele ya jua kuwa kali. Tutaanza na fermu ya kwanza, musitari na kiduara. Nimemuambia alale vizuri, asiharakishe. Amenijibu nisichelewe, juu nikichelewa ataanza bila mimi.